Deki, kompyuta na skrini bapa: soketi zinaingiana ila picha inagoma, naomba ushauri

Msaka Picha (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya nyaya za picha, maana nimefika mahali kila ninachochomeka kinaingia vizuri lakini kinachotokea kwenye skrini sicho.

Vifaa vyangu ni hivi: deki ya Blu-ray yenye tundu moja la HDMI, kompyuta ya mezani ambayo kadi yake ya picha ina DVI na DisplayPort, na laptop yenye HDMI na USB-C. Upande wa skrini nina monita bapa ya siku nyingi yenye DVI na VGA tu, na TV ya 4K yenye HDMI tatu.

Nilitaka deki ikae na monita chumbani, kompyuta zote mbili ziende kwenye TV. Matokeo yake:

Deki kwenye monita, waya wa HDMI wenye adapta ya DVI mwishoni. Nikiwasha, nembo inatokea, menyu ya deki inaonekana safi kabisa. Nikiweka diski ya filamu, giza. Sauti haipo tangu mwanzo.

Kompyuta ya mezani kwenye TV, DVI kwenda HDMI. Picha ipo ila kingo zote nne zimekatwa, upau wa chini wa Windows unaonekana nusu, na maandishi yana ukungu. Sauti hakuna.

Laptop kwenye TV, HDMI kwa HDMI. Picha kali, 4K kamili, sauti ipo, lakini mshale wa kipanya unaburuzika, na ukihamisha dirisha linakwenda kwa kurukaruka.

Je, shida ni nyaya, ni adapta, au vifaa haviendani? Sitaki kuendelea kununua waya kwa kubahatisha. Natanguliza shukrani.

Bwana Waya

Mkuu, hizo zote ni dalili za waya dhaifu. Tafuta waya mnene wenye ncha za dhahabu, ulioandikwa HDMI 2.1. Utafuta matatizo yote matatu kwa mkupuo.

Mzee wa Pini

Bwana Waya, hapo nakupinga kwa heshima zote. Waya wa dijitali ukiwa mbovu una dalili zake: vidoti vinavyometameta kwenye picha, skrini kuzima sekunde chache na kurudi, au kukosekana picha kabisa. Haukati kingo. Wala hauwezi kuipitisha menyu kisha ukaizuia filamu, wakati vyote viwili vinapita kwenye shaba ileile. Na hayo maandishi ya "2.1" kwenye waya yasimdanganye mtu. Namba za matoleo ni za vifaa, nyaya hupimwa kwa kiasi cha data zinachoweza kubeba. Nitaliacha hilo kwa sasa.

Msaka Picha, nianze na deki maana ndiyo yenye jambo zito.

DVI ilitoka mwaka 1999 kwa ajili ya kompyuta na monita zake. HDMI ikafuata Desemba 2002, ikiletwa na kampuni za vyombo vya nyumbani zikiwemo Sony, Philips, Toshiba na Hitachi. Hawakuanza upya. Walichukua njia ileile ya kusafirisha picha iliyokuwa kwenye DVI, yaani jozi tatu za nyaya kwa ajili ya rangi na jozi moja kwa ajili ya mapigo ya saa, wakaongeza sauti na ile namna ya kueleza rangi inayotumika kwenye TV. Ndiyo maana adapta yako ya HDMI kwenda DVI haina chipu yoyote ndani, ni pini zilizounganishwa na pini wenzake. Kwa upande wa umeme vifaa vyako vinaelewana, na menyu kuonekana safi ni ushahidi tosha.

Ninachokishuku ni HDCP. Hili ni kufuli la hakimiliki lililobuniwa na Intel. Kabla deki haijaachia filamu, inaihoji skrini kama ina funguo. Katika HDCP ya kizazi cha kwanza kila kifaa kilichoidhinishwa kinatoka kiwandani na funguo zake za siri 40, kila mmoja ukiwa na biti 56. Vifaa viwili vinabadilishana namba, kila kimoja kinapiga hesabu upande wake, na majibu yakilingana filamu inatumwa ikiwa imefungwa kwa msimbo, skrini inaifungua. Skrini isipojibu, deki inakata picha. Monita nyingi za DVI za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitengenezwa zikifikiria kompyuta tu, hazikuwekewa funguo hizo. Deki nyingine hudai funguo tangu zinapowashwa, ya kwako inaonekana inadai pale filamu inapoanza.

Fanya hivi: weka picha ulizopiga na simu kwenye flashi, zifungue kupitia deki. Zikionekana na diski ya dukani ikagoma, tutakuwa tumekaribia jibu. Pia tafuta kitabu cha monita uone kama HDCP imetajwa.

Kuhusu sauti usihangaike na mipangilio. Kiwango cha DVI hakina sauti. Hata deki ikiituma, monita haina pa kuipeleka. Toa sauti kwenye tundu la pili la deki kama lipo, la mwanga au yale ya nyekundu na nyeupe, upeleke kwenye spika.

Dada Skrini

Mzee nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kuna mtuhumiwa mwingine ambaye lazima aondolewe kwanza kabla hatujaihukumu monita.

Filamu nyingi za Blu-ray zimehifadhiwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Menyu ya deki hutoka kwa 60 Hz au 50 Hz, yaani picha 60 au 50 kila sekunde, halafu filamu ikianza deki hubadilika kwenda 24 Hz. Monita za kompyuta za aina hiyo mara nyingi zinapokea 60 Hz au karibu na hapo, basi. Ikipewa 24 inanyamaza, na wewe unayetazama huwezi kutofautisha giza la namna hiyo na giza la HDCP. Menyu sawa, filamu giza, dalili ileile kabisa!

Msaka Picha, ingia kwenye mipangilio ya video ya deki, zima utoaji wa 24p (zile fremu 24), kisha chagua mwenyewe 720p badala ya kuacha ijichagulie. Kama kuna sehemu ya rangi, weka RGB (nyekundu, kijani, bluu), kwa sababu skrini ya DVI inaelewa RGB tu. Ukiitumia YCbCr, ambayo ndiyo lugha ya TV, utaona nyuso za kijani au zambarau. Na kitu kingine: monita ikigoma kwa sababu ya kasi au ukubwa wa picha, mara nyingi inaandika yenyewe kwamba mawimbi yako nje ya uwezo wake. Ikigoma kwa sababu ya HDCP, kwa kawaida inabaki kimya, au deki ndiyo inayolalamika kwenye kioo chake kidogo cha mbele. Tuambie unaona nini.

Msaka Picha

Asanteni sana, Mzee na Dada. Nimefanya yote.

Picha za flashi zinaonekana vizuri, hata video niliyorekodi mwenyewe inacheza. Nimezima 24p, nimeweka 720p na RGB. Diski ya filamu bado giza, na monita haiandiki chochote. Kitabu chake nimekisoma chote, kinataja 1680 kwa 1050 na DVI-D, neno HDCP halimo.

Nikahamishia deki kwenye TV kwa waya uleule, bila ile adapta. Filamu imecheza mara moja, na sauti yake.

Dada Skrini

Basi Mzee alikuwa sahihi, ni funguo. Hiyo monita haina, na hakuna mpangilio wa kuziongeza.

Njia Mbadala

Kuna vigawanyio vya HDMI, kimoja kuingia viwili kutoka, ambavyo vinajibu funguo vyenyewe halafu vinatoa picha bila kufuli. Au atumie nyaya za zamani za analogi, zile hazina HDCP.

Mzee wa Pini

Ndugu yangu, vigawanyio hivyo vipo, ila simshauri mtu. Havikuuzwa kwa kazi hiyo, kifaa cha jina lilelile ukikinunua tena kinaweza kuja na chipu nyingine isiyofanya hivyo, na katika nchi nyingi kukwepa kinga ya hakimiliki ni kosa kisheria. Kwa Marekani sheria yake ni ya mwaka 1998.

Analogi nayo imefungwa mlango zamani. Masharti ya kinga ya Blu-ray yalitaka deki zilizotengenezwa baada ya mwisho wa 2010 zitoe filamu kwa analogi kwa ubora wa kawaida tu, na zile za baada ya mwisho wa 2013 zisitoe kabisa. Ndiyo maana deki nyingi za sasa nyuma zina HDMI tu, na labda sauti.

Ushauri wangu kwa mwenye uzi: badilishana. Deki ibaki na TV. Monita ipe kompyuta ya mezani kwa waya wa DVI moja kwa moja. Hapo itang'aa, maana pikseli 1680 kwa 1050 zinaingia bila shida kwenye DVI ya kawaida, na maandishi yatakuwa makali kuliko ulivyowahi kuyaona kwa VGA. Siku ukitaka skrini nyingine ya deki, angalia HDCP kwenye orodha ya sifa zake kabla ya kitu kingine chochote.

Mwanafunzi wa Nyaya

Samahani nidandie. Kwenye DVI nimeona maumbo tofauti ya soketi. Waya wangu hauingii kwenye monita kwa sababu una pini nne za ziada pembeni. Naweza kuzikata?

Mzee wa Pini

Usizikate kijana wangu. Hizo pini nne zinazozunguka ule ubapa ni za analogi. Waya wako ni DVI-I, unaobeba dijitali na analogi pamoja. Monita yako ni DVI-D, dijitali pekee, haina matundu hayo. Tafuta waya wa DVI-D, unaingia pande zote mbili. Ukiwa na skrini kubwa ya 2560 kwa 1600, hakikisha ni ule wenye pini zote 24 katikati. Wenye pengo katikati, wa pini 18, unaishia takribani 1920 kwa 1200 kwa 60 Hz.

Dada Skrini

Nirudi kwenye kingo zilizokatwa, maana hilo linatibika bila kununua chochote na linanikera nikiona watu wanaishi nalo miaka.

TV za kioo cha mgongo mrefu hazikuweza kuonyesha picha yote sawasawa hadi ukingoni, kwa hiyo TV zilikuza picha kidogo ili kingo zenye kasoro zifichwe nyuma ya fremu. Skrini bapa haina kasoro hiyo, kila pikseli ina mahali pake. Hata hivyo watengenezaji wameendeleza tabia hiyo hadi leo kwa mawimbi ya TV. TV yako ikipokea 1920 kwa 1080, inadhani ni matangazo, inakata pembeni, kisha inavuta kilichobaki kijaze kioo. Ndipo unapata mambo mawili kwa pamoja, kingo kupotea na maandishi kuwa na ukungu. Asili yake ni moja.

Chukua rimoti, nenda kwenye ukubwa wa picha, utafute chaguo linaloonyesha picha kama ilivyo. Kila kampuni ina jina lake: "Just Scan", "Screen Fit", "Dot by Dot", "1:1". Kisha nenda kwenye orodha ya matundu ya HDMI, lile la kompyuta ulibadilishe jina liwe PC. Kwenye TV nyingi hicho si kibandiko tu. TV inaacha kukata kingo, inapunguza madoido ya kulainisha picha, na inaonyesha rangi za kila pikseli kikamilifu.

Tafadhali usitumie ile njia ya kupunguza picha kwenye draiva ya kadi ya picha hadi iingie kwenye fremu. Kingo zitaonekana kweli, lakini sasa kompyuta inabana na TV inavuta, na herufi zinaumia mara mbili. Rekebisha kwenye TV, draiva iache kwenye asilimia 100.

Ukiona nyeusi imekuwa kijivu, au sehemu za giza zimemezwa, angalia kipimo cha RGB. Kompyuta hutumia 0 hadi 255, TV kwa desturi hutumia 16 hadi 235. Pande zote mbili ziwe kwenye kipimo kimoja.

Na sauti: kadi yako ina DisplayPort, achana na DVI kwa kazi ya TV. Kama pembeni ya tundu kuna alama ya DP na vijumlisho viwili, waya wa kawaida wa DisplayPort kwenda HDMI utafanya kazi na sauti itapita humohumo.

Deki Mbili

Dada, huo waya mimi ninao na haufanyi kazi. Upande wa HDMI nimechomeka deki, upande wa DisplayPort nimechomeka monita. Hakuna kitu, kama vile haujachomekwa.

Dada Skrini

Kaka, umeugeuza. Huo waya una mwelekeo mmoja tu.

DisplayPort ya VESA, chama cha viwango vya skrini, ilitoka 2006 na haisafirishi picha kwa namna ya DVI na HDMI. Inaikata kuwa pakiti ndogondogo. Tundu lenye alama ya vijumlisho viwili linajua lugha zote mbili: likihisi mwisho wa waya ni HDMI, linaacha pakiti na kutoa mawimbi ya HDMI. Uwezo huo wa kubadilika uko kwenye kompyuta. Deki yako inajua HDMI tu, na tundu la DisplayPort la monita linasubiri pakiti. Hapo kati anahitajika mkalimani wa kweli, konvata yenye chipu inayobadilisha HDMI kuwa DisplayPort, na mara nyingi ina kijiwaya cha USB kwa ajili ya umeme. Kwenye maelezo ya bidhaa isome iandikwe wazi "kutoka HDMI kwenda DisplayPort". Na iwe na HDCP, la sivyo utarudi kwenye giza la mwenye uzi.

Hesabu Kwanza

Nimeona la laptop bado halijajibiwa. Nitapiga hesabu hapa maana ukiiona utajua mwenyewe kipi kinaweza na kipi hakiwezi.

Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Lakini waya unabeba zaidi ya hizo, kuna nafasi tupu pembeni na juu ya picha, ambamo sauti nayo hupita. Ukijumlisha nafasi hizo fremu inakuwa 4400 kwa 2250. Zidisha kwa fremu 60 kila sekunde: 594,000,000. Tunasema 594 MHz.

Sasa linganisha na uwezo wa matundu. DVI ya kawaida inaishia 165 MHz. HDMI 1.4, ya mwaka 2009, inaishia 340. HDMI 2.0, ya mwaka 2013, inafika 600. Kwa hiyo 4K ya 60 Hz haiwezi kupita kwenye 1.4 kwa rangi kamili. Gawanya kwa mbili, ziwe fremu 30, unapata 297, inapita. Laptop yako imefanya hivyo hasa. Tundu lake la HDMI ni la kizazi cha 1.4, limeona TV inataka 4K, likatoa 4K kwa kasi linayoimudu. Filamu ya fremu 24 hutaona tofauti, ila kipanya kinaburuzika kwa sababu skrini inabadilika mara 30 tu kwa sekunde.

Na kwa nini DVI ya kompyuta yako ya mezani iliitosha 1080p? 2200 kwa 1125 kwa 60 ni 148.5. Iko chini ya 165, imepita.

Njia ya kwanza, ya bure: weka laptop kwenye 1920 kwa 1080, 60 Hz. TV itakuza picha na kipanya kitateleza. Njia ya pili: hiyo USB-C. Tazama kama pembeni yake kuna alama ya DisplayPort, herufi P ndogo ndani ya D, au alama ya radi ya Thunderbolt. Si kila USB-C inatoa picha, nyingi ni za data na chaji tu, na umbo halikuambii. Ikiwa inatoa, nunua adapta ya USB-C kwenda HDMI iliyoandikwa 4K 60 Hz. Zile zilizoandikwa 4K peke yake mara nyingi ni za 30 Hz.

Ukiona 60 Hz imekubali lakini maandishi mekundu juu ya bluu yana ukungu, ujue vifaa vimepunguza rangi kwenda 4:2:0, ambapo pikseli nne zinatumia rangi moja kwa pamoja. Kwa filamu haina neno, kwa kusoma inachosha macho.

Mzee wa Pini

Hesabu imetulia. Niongeze upande wa TV: kwenye TV nyingi za 4K matundu ya HDMI yanatoka kiwandani yakiwa kwenye hali ya chini ili yasizisumbue deki za zamani. Lazima uingie kwenye mipangilio ya tundu husika uwashe hali ya juu ya mawimbi, kila kampuni ina jina lake. Na kwenye baadhi ya TV si matundu yote yanayofika huko. Angalia maandishi madogo pembeni ya soketi, au kitabu chake.

Hapa sasa ndipo waya wa Bwana Waya unapopata kazi. 594 MHz, kila biti nane zikitumwa kama biti 10, kwa njia tatu, ni gigabiti 17.82 kwa sekunde. Tafuta waya wenye kibandiko cha "Premium High Speed", umepimwa kwa gigabiti 18. "Ultra High Speed" ni wa 48, wa vifaa vya HDMI 2.1. Na uwe mfupi. Kwa kasi hiyo mita mbili ni raha, lakini kadiri unavyorefuka shaba inachoka. Kwa masafa marefu kuna nyaya zenye nyuzi za mwanga ndani, nazo zina mwelekeo. Mwisho mmoja ni wa deki au kompyuta, mwingine ni wa skrini, na maandishi yapo kwenye ncha.

Bwana Waya

Nimekuelewa Mzee. Nilikuwa nachukulia kila waya uliotajwa 2.1 ndio wenye nguvu. Nitaangalia kibandiko kuanzia sasa.

Msaka Picha

Wakuu, nimerudi na majibu.

Tundu la kompyuta nimelipa jina la PC na kuchagua picha kama ilivyo. Kingo zimerudi zote, herufi zimekaza. Nimehamia DisplayPort kwenda HDMI, sauti ipo. Monita imepewa DVI na inatumika kama skrini ya pili ya kompyuta hiyohiyo. Laptop ina ile alama ya D na P kwenye USB-C, nimetumia adapta ya 4K 60 Hz, mwanzoni ikagoma kupita 30. Nikakumbuka maneno ya Mzee, nikawasha hali ya juu kwenye tundu hilo la TV, ikaja 60 palepale.

Limebaki dogo. Nikizima TV kwa rimoti na kuiwasha tena, madirisha ya kompyuta ya mezani yote yanakuwa yamehamia kwenye monita. Na siku nyingine deki ikiwashwa kabla ya TV inatoa picha hafifu ya 480. Ni ubovu?

Mzee wa Pini

Si ubovu, ni utambulisho. Ndani ya kila skrini kuna kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, kipande chake cha msingi kina baiti 128, kinachotaja mtengenezaji, ukubwa wa picha unaokubalika na kasi. Kama sauti inapokelewa, hilo hutajwa kwenye kipande cha nyongeza. Deki au kompyuta inaisoma kupitia pini ya 15 na ya 16 za HDMI. Pini ya 18 inapeleka volti 5 ili kumbukumbu hiyo isomeke hata skrini ikiwa imezimwa, na pini ya 19 ndiyo inayotoa taarifa kwamba skrini ipo. TV nyingine zikizimwa zinaikata pini ya 19, basi kompyuta inaamini umechomoa waya na kuhamisha madirisha. Deki ikiwashwa isipopata EDID, inachukua njia ya usalama na kutoa picha ndogo ambayo skrini yoyote itaikubali.

Washa TV kwanza, ipe sekunde chache, ndipo uwashe deki. Kwenye deki unaweza pia kuondoa kujichagulia na kuweka 1080p moja kwa moja. Kwa madirisha, badala ya kuizima TV, jaribu kuiacha kompyuta ndiyo ilaze skrini. Na ukikuta kwenye TV mpangilio wa kuwaka haraka, uwashe uone, kwenye baadhi ya TV unaiacha pini ya 19 ikiwa hai.

Msaka Picha

Nimejaribu mpangilio wa kuwaka haraka, madirisha hayajahama. Deki nayo nimeiweka 1080p. Asanteni wote, Mzee, Dada, Hesabu Kwanza na Bwana Waya. Nimebadilisha kichwa cha uzi kuwa IMETATULIWA, ila uzi wenyewe nauacha wazi kwa mwenye deki na monita kama yangu.

Deki Mbili

Konvata yenye chipu nimeipata, HDMI kwenda DisplayPort, na USB yake nimeichomeka kwenye monita. Filamu inacheza. Asante Dada.